Hema Lililofuliwa Mara Saba

Kwanza ilikuja sauti. Paa. Kisha kimya kifupi, kama mtu anayevuta pumzi, kisha tena: paa. Ilitoka uani, nyuma ya ukuta wa chumba chetu, na mimi nilikuwa bado kitandani, nimejifunika mpaka puani kwa baridi ya asubuhi ya Nakuru. Nilijua ni nini, au nilidhani najua. Baba alikuwa amerudi kutoka safari zake, na sasa, baada ya kuvumilia miaka yote ile, alikuwa anampiga Shangazi. Nikalala nikisikiliza. Ninyi mliokulia katika nyumba za namna ile hamtashangaa nikisema kwamba nilifurahi. Nilitega sikio nimsikie akilia.

Hakulia mtu. Nilipotoka nilimkuta Baba peke yake na fimbo mkononi. Alikuwa ametundika kwenye kamba ya kuanikia nguo kitu kikubwa, kizito, rangi ya majani makavu, na kila alipokipiga, vumbi lilitoka kama moshi. Shangazi alikuwa mbele ya jiko, mzima kabisa, anapepeta mchele, uso umekunjamana kama siku zote. Nilivunjika moyo. Hivyo ndivyo nilivyoonana na hema mara ya kwanza, nikilichukia kwa sababu lilipigwa mahali pa mtu.

Juzi sokoni nilimpita kijana anayesugua turubai kwa sabuni ya kipande. Ile harufu ya sabuni juu ya kitambaa kizito kilicholowa ilinisimamisha katikati ya watu, mpaka mwanamke mmoja nyuma yangu akanisukuma na kikapu chake. Ziko harufu ambazo hazikukumbushi kitu. Zinakushika mkono tu, zinakurudisha mahali ambapo wewe ni mdogo tena na ugomvi uko juu ya kichwa chako, na huna pa kwenda.

Nyumba ilikuwa ya Shangazi. Aliachiwa na marehemu mumewe, kule Bondeni, nyumba ya udongo na mabati yenye ukumbi mrefu katikati na vyumba pande mbili, na sisi tulikaa chumba kimoja kwa hisani yake. Hakuacha siku ipite bila kututajia hisani hiyo. Mama alitoka Mombasa. Aliletwa Nakuru akiwa bibi harusi, na nadhani hakuwahi kupata joto tangu siku aliyoshuka kwenye gari moshi. Aliuchukia upepo, aliyachukia yale magadi meupe yanayopeperuka kutoka ziwani na kuingia machoni na kwenye unga, lakini hakuna alichokichukia kama kupika katika jiko la wifi yake. Shangazi alipima chumvi. Shangazi alifunua sufuria za Mama akachungulia na kuguna. Mama naye alikuwa na namna ya kufagia uani akiishia kwenye kivuli cha Shangazi, kana kwamba yule naye ni takataka atakazorudi kuzizoa baadaye.

Walikuwa hawasemeshani. Mimi ndiye nilikuwa mdomo wao. Waliweza kukaa mkabala, magoti yakikaribia kugusana, wakichagua mawe kwenye choroko moja, na Shangazi akasema, "Zuhura, mwambie mama yako maji ya mtungi si ya kuogea." Nami nikageuza shingo na kumwambia Mama, ambaye alikwisha kusikia, na Mama akanipa jibu nirudishe. Nilidhani kila nyumba ina mtoto wa kazi hiyo. Nilidhani ndiyo maana watu wanazaa.

Kazi ya Baba ilikuwa kusimamisha kambi za Wazungu waliokwenda kuvua samaki na kuwinda. Leo alikuwa na huyu, kesho na yule, na katikati yake alikaa nyumbani kwa dada yake akipoteza sauti. Huko porini, nilisikia, aliamrisha watu. Nyumbani aliongea kama mgeni. Wanawake wakianza, yeye alitazama kofia yake.

Lakini safari hii ilikuwa na jambo kubwa. Mzungu mmoja wa Molo, ambaye wafanyakazi wake walimwita Bwana Kidevu, alikuwa anamngoja mama yake mzazi atoke Ulaya, na alitaka kumpeleka kupiga kambi mtoni siku chache. Alimwambia Baba kwamba kambi hiyo ikienda vizuri, atamwajiri moja kwa moja, na kwenye shamba lake ipo nyumba ya mawe ya msimamizi, yenye vyumba viwili na jiko la pembeni. Mama hakuuliza mshahara. Aliuliza jiko lina ukubwa gani, na dirisha linatazama wapi, na kama kuna mtu mwingine ana ufunguo wake. Kuanzia jioni hiyo alianza kuzungumza juu ya jiko lile kama watu wanavyozungumza juu ya mtoto aliye tumboni. Bibi kizee angetaka mwanamke wa kumtumikia kambini, kwa hiyo Mama alikuwa anakwenda na Baba, na mimi nyuma yao.

Baba aliambiwa achague hema kwenye stoo ya bwana. Yalikuwamo mengi, na bwana mwenyewe alipenda kulala juu ya lori lake chini ya turubai, lakini mwanamke mzee hawezi kupandishwa ngazi kama gunia. Alihitaji hema la chini, lililoshonewa sakafu, ambalo mtu anaingia akitembea. Baba alilichagua lile la rangi ya majani makavu, akalileta nyumbani alitie viraka na kamba mpya. Na kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine pale uani wa kumsikiliza, alinifundisha mimi.

Alinifundisha kwamba ardhi huchaguliwa kabla ya hema. Ulale chali mahali penyewe kwanza, kwa mgongo wako, na kama damu inakwenda kichwani, ondoka. Usikae chini ya mti, kwa sababu mvua ikikoma mti unaendelea kunyesha. Kamba zilegezwe wingu likitokea, maana zikilowa hujikaza na kung'oa vigingi. Kisha akanionyesha hema lenyewe linavyojaribiwa. Alibonyeza kitambaa kikawa kama kikombe, akamimina humo kata ya maji, na yale maji yakakaa. Tulikwenda kunywa chai, tukarudi, yangali pale, yakitazama juu kama jicho.

"Linakunywa?" aliniuliza.

"Halinywi."

"Basi hilo ndilo hema. La kunywa ni shuka."

Akanionya pia kwamba mvua ikinyesha, hema haliguswi kwa ndani hata kwa ncha ya kidole, maana mahali ulipoligusa ndipo litakapovuja. Mimi nikaelewa kwamba hema ni mnyama. Lina ngozi, lina kinyaa, na likishikwashikwa na watu linalia. Hilo lilikuwa na maana kabisa kwangu. Nami nilikuwa hivyo.

Mama alikuwa anapita na ndoo wakati Baba anatuambia, mimi na kuku, kwamba hema jema ni kama mke mwema: halitoi ya ndani wala haliingizi ya nje. Baba alikuwa amelisikia neno hilo kambini na alilipenda.

"Kaoe hema basi," Mama alisema, bila kusimama. "Halitaki jiko."

Shangazi alicheka. Aligeuza uso haraka ukutani, lakini nilimwona.

Baba akaenda Rongai kutafuta nguzo mpya kwa seremala aliyemwamini, akaliacha hema limekunjwa ukumbini. Ukumbini mle ndimo tulimosali. Siku ya pili, Shangazi alipokuwa anatandika mkeka wake wa kusalia, aliona unywele. Aliuinua hewani kwa vidole viwili. Akaona mwingine. Akalifunua hema lote palepale, akaingiza kichwa ndani, na alipotoka alikuwa na sura ya mtu aliyefiwa. Kwenye kona moja ya sakafu kulikuwa na alama za kucha, na doa kubwa la manjano lenye umbo la mnyama aliyejikunja. Alinusa mara moja tu. Akasema, si kwangu wala kwa mtu, kwamba humu amelala mbwa, na kwamba kitu hiki kimekaa siku ngapi juu ya mahali pa sala, na nani atamwambia yeye ukweli.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilikwisha kugeuza shingo kuchukua ujumbe. Hakunipa. Alinipita.

"Ni kweli, wifi," alisema. "Siku linaletwa nilimwona mbwa wa bwana. Alikuwa amekaa juu yake kwenye lori, ametoka majini, ulimi unamdondoka."

Lilikuwa neno la kwanza nililowahi kusikia Mama akimwambia Shangazi bila kunitumia mimi. Shangazi alishika ncha moja ya hema. Kisha akamuuliza kama amebakiwa na makumbi ya nazi aliyoletewa kutoka Mombasa, na Mama akasema anayo.

Mnajua sheria ya mbwa. Alichokilowesha huoshwa mara saba, na moja kati ya hizo kwa udongo. Walilitandaza hema uani, wakajifunga kanga viunoni, wakapanda juu yake miguu mitupu kama watu wanaokanyaga udongo wa kujengea. Mimi nilileta maji kutoka bombani. Shangazi alichimba udongo safi nyuma ya jiko na kuuchekecha kwa ungo ule ule wa mchele. Wakasugua kwa makumbi, kwa sabuni ya kipande, kwa visigino, wakimwaga, wakianza tena. Maji ya kwanza yalitoka meusi. Baadaye yalitoka meupe, mazito, na juu ya ndoo yakaelea mafuta yaliyoganda vipande vipande, kama mchuzi wa nyama uliopoa. Shangazi aliyashika, akayanusa, akasema ona uchafu wa Kizungu huu. Mama akasema usugue hapo tena, wifi.

Na wakaimba. Nyimbo za harusi, zile za matusi ambazo watoto hufukuzwa zikianza. Shangazi aliteleza kwenye povu akakaa kitako katikati ya hema, kanga imepanda, na Mama alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akampa mkono kumwinua. Nilisimama na kata yangu mkononi. Sijawahi kuona malaika, lakini nadhani mtu akimwona hujisikia vile: hofu, na kutaka asitikisike. Niliamini kwamba tatizo letu lote lilikuwa mbwa. Alikuwa ndani ya nyumba yetu miaka yote, hatukumwona, na sasa ametolewa.

Siku ile walipika pamoja, na kesho yake tena. Baba aliporudi na nguzo zake, jua lingali juu, alitukuta watatu kwenye mkeka mmoja, sinia moja, na hema limekunjwa kando, limekauka, limepauka, jepesi kama nguo ya kawaida. Shangazi alimwambia kwa fahari, "Tumekutakasia hema lako, Salimu. Mimi na wifi yangu."

Baba aliweka nguzo chini. Alikwenda akapiga magoti mbele ya hema, akalishika kwa mikono miwili, akaufukia uso wake ndani yake. Nilimtazama mgongo wake na nikafikiri: anafurahia harufu ya usafi. Anashukuru. Alipoinua uso alitutazama, Mama kwanza, kisha dada yake, kisha goti la mmoja lililoegemea goti la mwenzake. Macho yake yalikuwa na maji, na hilo nalo nikalihesabu kuwa furaha.

"Ahsanteni," alisema. Akanawa, akakaa, akala.

Watu wazima wengi niliowasimulia habari hii huishia hapo kumpenda. Wananiambia alikuwa mtu mpole. Nawaambia wangoje.

Siku ya safari Shangazi alimpa Mama blanketi lake zito la sufu, na chupa ya achari, akamwambia huko Molo mtu akikojoa mkojo unaganda kabla ya kufika chini. Walikumbatiana. Lori la bwana lilitupandisha kupitia Njoro, ambako kwenye kizuizi askari walitushusha sote, maana katika miaka ile ya Hali ya Hatari, wakati wa Mau Mau, kila aliyebeba mzigo mkubwa kuliko kikapu alionekana ameficha mtu ndani yake. Mmoja alilitwanga hema kwa kitako cha bunduki, akingoja liseme ai. Tukapanda tena. Baridi ilikuja kutukuta Elburgon, na Molo ilipofika ilikuwa mashamba meupe ya pareto, kondoo waliolowa, na watu wenye makoti ya magunia ambao hawakupunga mkono.

Mto ulikuwa mwembamba na una kelele. Baba alilala chali kwenye nyasi hapa na pale, mpaka akapata mahali pake, akalisimamisha hema. Lilisimama vizuri. Lilikuwa zuri kuliko yote pale, karibu kuwa jeupe, nguzo mpya, kamba mpya. Nilikuwa karibu naye na Mama yuko hatua chache, anapanga vyombo, Bwana Kidevu alipokuja na kulizunguka akiligongagonga kwa fimbo yake ya kuvulia.

"Hema hii iko mzuri?" aliuliza. "Mvua hapana ingia?"

"Mvua haiingii, bwana," Baba alisema.

Alilisema waziwazi, akitazama mbele. Kisha, bwana alipogeuka, aliongeza kwa sauti ndogo kwamba, kwa vile mama ni mtu mzima, pengine wangetandaza turubai jingine juu yake, kwa ajili ya baridi. Bwana alicheka. Akasema hajaona bado hema linalovaa koti. Baba hakusisitiza. Alichukua jembe akachimba mfereji kuzunguka hema, na alichimba mfereji mrefu na wa kina kiasi kwamba wapagazi walimtania, wakimuuliza kama anazika mtu.

Bibi kizee alikuja na kofia yake na kitabu chake, mwembamba, mwenye mikono iliyojaa madoa kama mayai ya kwale. Alimwambia Mama ahsante kwa kila kitu, hata kwa kijiko. Baada ya chakula cha mchana aliingia kujipumzisha, na mvua ya Molo ikaja kama inavyokuja, bila kupiga hodi, kutoka nyuma ya miti, nyeupe. Mama alinituma nimpelekee chupa ya maji moto ya kuweka miguuni.

Niliingia nikiwa nimebana mikono mbavuni nisiguse kitu. Ndani kulikuwa na nuru ya kijivu na kelele nyingi juu. Kwanza niliona kama ukungu, vumbi la maji linaloshuka taratibu juu ya blanketi. Kisha nikaona dari. Kitambaa chote kilikuwa kimekuwa cheusi, na kwa ndani matone yalikuwa yanavimba, mamia, kila moja likining'inia na kuamua. Nilimtafuta aliyeligusa. Nilimtazama bibi kizee mikono yake, ilikuwa chini ya blanketi. Nilitazama yangu. Hakuna aliyeligusa. Lilikuwa linalia lenyewe.

Bibi kizee aliinua uso akaiambia dari jambo moja la upole kwa Kiingereza. Halafu yote yakaanguka kwa pamoja.

Sitasimulia sana yaliyofuata. Alitolewa akiwa ndani ya koti la mwanawe, kofia imelala, midomo ya samawati, kitabu chake kimevimba. Wakamtia kwenye lori kumrudisha nyumbani. Alikuwa anakohoa na bado anamwambia Mama ahsante. Bwana Kidevu alirudi akasimama mbele ya Baba kwenye mvua. Hakumpiga. Alimwambia, "Wewe nasema mvua hapana ingia," na alimwambia aondoke shambani na mke yake na mtoto yake, na kwamba asimwone tena Molo. Wapagazi walikuwa wanatazama. Baba alitazama kofia yake.

Mama alikuwa hajaelewa. Alidhani ni bahati mbaya, hema limezeeka. Alikuwa anahangaika kutafuta nguo kavu ya kunibadilisha, akaufungua mfuko wa Baba, na chini ya shati lake la akiba akakuta kopo lililozibwa kwa kitambaa. Alilifungua. Ndani kulikuwa na mishumaa iliyokwanguliwa na kuyeyushwa kwenye mafuta ya taa, imeganda, na brashi ya rangi, mpya. Alimuuliza mmoja wa wapagazi, mzee Mkipsigis aliyekuwa anakunja kamba, kitu hiki ni cha nini. Mzee akamweleza kama anavyoelezwa mtoto: hiyo ni dawa ya hema, hupakwa lishindane na maji, na jua likilikausha linakuwa tayari, na kama hema limeoshwa kwa sabuni basi ile dawa ya zamani imetoka yote, halina kitu, ni kitambaa tu. Huku, alisema, siku hizi hakuna jua la kukausha. Akarudi kwenye kamba zake.

Mama alikaa na kopo mapajani. Nilikuwa namwona anarudi nyuma, anapita Njoro, anafika uani, anayatazama yale mafuta yaliyoelea kwenye ndoo. Baba alipokuja chini ya turubai la jikoni, analowesha kila alipokanyaga, Mama alimwonyesha.

"Ulijua."

Baba alilitazama kopo.

"Siku ile ulipolinusa. Ulijua."

"Nilijua," Baba alisema. "Mlikuwa mmekaa mkeka mmoja. Sijawahi kuwaona hivyo. Nikasema nikifungua mdomo hapa, nimewavunja tena. Nikanunua mishumaa. Nikasema Mungu akitupa jua la siku moja..."

"Ungesema, tungenuna," Mama alisema. "Tungekulaumu, tungelaumiana, halafu tungekwenda kununua mishumaa sisi wenyewe. Jua la Nakuru lilikuwa bure, Baba Zuhura. Lilikuwa pale uani siku zote zile. Hukunyamaza kwa ajili yangu. Ulinyamaza kwa sababu ulikuwa unakula."

Tulishuka kwa lori la viazi, tumekaa juu ya magunia, na hakuna aliyesema neno mpaka Nakuru. Wala sikupewa ujumbe wowote wa kupeleka, na hilo lilinitisha kuliko yote. Nilikaa katikati yao nikiwa tayari, shingo imelegezwa, na hawakunitumia.

Shangazi alipoambiwa alikaa chini palepale ukumbini. Alidhani, nadhani, kwamba Mama angemrukia. Alijikinga kwanza kwa maneno, akasema yeye hakujua dawa wala nini, yeye alijua najisi na tahara, na mtu anayeleta mbwa kwenye nyumba ya sala ndiye wa kuulizwa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wewe sina neno nawe, wifi," alimwambia. "Wewe ulisugua na mimi nilisugua. Tulikuwa wajinga mbele ya mtu mwenye akili zake."

Alifunga nguo zake kwenye shuka. Hakulia, hakupiga kelele. Alionekana kama mtu anayefanya usafi tu. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti ukumbini, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akitumia, ndani ya nyumba, ile sauti ya kambini. Alisema aende akitaka, kwao ni kwao, lakini Zuhura ni mtoto wa huku na atabaki huku. Wakati huo mwanamke alikuwa hana wa kumwendea kwa jambo hilo. Kadhi, wazee, majirani, wote wangesema vilevile. Sauti hiyo alikuwa nayo, basi. Aliweza kuamrisha. Ilimpasa tu apate kitu kisichoweza kumjibu, na nilikuwa pale.

Shangazi ndiye aliyejibu. "Mwache mtoto aende na mamake, Salimu."

"Nimesema anabaki."

Mama alinishika uso kwa mikono iliyokuwa bado ina mikwaruzo ya makumbi. Aliniambia nile nikiitwa, na nisikubali tena kubeba maneno ya watu. Mwenye neno alibebe mwenyewe. Akainua furushi lake. Hapo Shangazi akasimama, akajitanda buibui lake, akalichukua furushi lile mikononi mwa Mama akalitia kwapani chini ya buibui, na kusema kwamba gari moshi halingoji na mwanamke hatembei peke yake mpaka stesheni kama aliyefukuzwa.

Wakatoka, mmoja nyuma ya mwingine. Nilikimbia mpaka kizingitini. Upepo wa ziwani ulikuwa umeanza, ule mweupe, na niliwaona wakiinamisha vichwa kwa pamoja, mabuibui mawili yanayopigwa upande mmoja, mpaka sikuweza kusema ni yupi Mama.

Nyuma yangu Baba aliinuka. Alisema vumbi linaingia. Alinivuta ndani kwa bega, akaufunga mlango.